Somo: Muuguzi na mkimbizi katika komite moja

Mara nyingi ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi wa ndani unaanzia mlangoni mwa kituo cha afya. Wenyeji wanasema: "Wageni wanatibiwa bure, sisi tunalipa." Wakimbizi wanasema: "Dawa zililetwa kwa ajili yetu, zimefichwa." Muuguzi anabaki katikati, akilaumiwa na pande zote mbili. Maneno hayo yasemewe wapi ili yalete amani?

Komite ni haki yetu

Kongo ina zoni za afya 519. Kila zoni imegawanywa katika maeneo ya afya, na kila eneo linatakiwa kuwa na komite yake ya maendeleo, CODESA. Humo wanakaa wajumbe wa jamii pamoja na muuguzi mkuu wa kituo, yaani titulere. Tangu mwaka 1978, mkutano wa Alma-Ata ulitangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma za afya yao. Basi, komite si zawadi ya muuguzi wala ya shirika.

Muuguzi analeta nini?

Analeta daftari. Lakini daftari linaonyesha waliokuja. Haliwaonyeshi waliobaki nyumbani. Tuchukue mfano. Titulere anaeleza kwamba wamama wengi wa kambi wanakuja kupimwa mimba, lakini hawarudi kuzalia kituoni. Anadhani ni uzembe. Mama mmoja mkimbizi anajibu: "Uchungu unaanza usiku. Njiani kuna kizuizi cha askari, na hatuna pesa." Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Sasa komite inaweza kupanga machela na wabebaji, kumwomba chifu azungumze na askari, na kukubaliana juu ya malipo.

Muuguzi naye aseme shida zake. Wengi hawapati mshahara wa serikali. Wanaishi kwa pesa za wagonjwa. Jamii ikilijua hilo, itajadili bei bila matusi.

Mambo ya kuangalia

1. Muuguzi asiwe mwenyekiti. Akiongoza kikao na kushika pesa pia, nani atamwuliza?

2. Dawa zikifika, zihesabiwe mbele ya watu watatu: titulere, mwenyeji na mkimbizi.

3. Bei ziandikwe ukutani. Kama kuna huduma za bure, iandikwe ni za nani, kwa nini, na mpaka lini.

4. Siri za wagonjwa zilindwe. Kikaoni zisomwe hesabu, si majina.

5. Wakimbizi wapewe viti, na mmoja wao awe mwanamke. Waliofika jana nao wanaugua leo.

Viongozi wa kambi, msingoje kualikwa. Nendeni kwa titulere na mwenyekiti, mkaulize siku ya kikao. Yaliyosemwa humo, mwende kuyaeleza watu wenu, hata yale yasiyowapendeza. Uvumi unakua pale ambapo hakuna anayerudisha habari.

Maswali ya kuzungumza pamoja

- Je, tunawajua wajumbe wa komite ya eneo letu?
- Ni wagonjwa gani kati yetu ambao daftari la muuguzi haliwaoni?
- Ni lalamiko gani tunalolisema njiani, ambalo tungepaswa kulipeleka kikaoni?