Kumuuguza Mgonjwa wa Kiharusi Kisiwani Mfangano

Mama ameruhusiwa kutoka hospitali ya Homa Bay baada ya kiharusi. Mmevuka kutoka Mbita, mmeshuka Sena, na sasa uuguzaji ni wako. Hospitali kubwa imebaki ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo kila kitu kipange mapema.

Anza na dawa. Za presha hazikatizwi, hata akijisikia mzima. Hesabu vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya wiki mbili, agiza vingine. Usingoje viishe halafu ziwa lichafuke.

Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila saa mbili, usiku pia. Ukimgeuza, kagua visigino, nyonga na juu ya makalio. Ukiona doa jekundu au jeusi lisilopotea, usilisugue. Asilalie upande huo tena, na umwite mhudumu wa afya ya jamii siku hiyohiyo. Wala usimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea. Bega lake huumia upesi sana.

Kula ndiko kunakotaka subira. Mketishe wima kabisa. Mpe kijiko kidogo, ngoja ameze, ndipo uongeze. Angalia shavu la upande uliolegea, chakula hujificha humo. Ngege mchambue kwa vidole mpaka usiguse mwiba hata mmoja. Chumvi iwe kidogo. Akimaliza, akae wima nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, acha kumlisha, uwaulize wa kliniki kabla ya kuendelea.

Maji ya ziwa yachemshe, ya kunywa na ya kumwogeshea. Kichocho huingilia kwenye ngozi, na yeye hahitaji ugonjwa wa pili.

Aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Usimsemee mbele ya wageni kana kwamba hayupo. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, umpe muda. Anachoweza kufanya kwa mkono mzima, kama kunawa uso, mwachie afanye mwenyewe, hata akikawia.

Gawa zamu. Kijana anayerudi alfajiri kutoka kuvua omena alale kwanza, kisha ashike jioni. Wewe ukiugua, mama atabaki na nani?

La mwisho lifanye leo: patana na wenye boti wawili, uwe na namba zao, na pesa ya petroli iwekwe kando. Kiharusi kikirudi, yaani uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama upya, tazama saa uiandike, kisha wapigie wenye boti hapohapo. Usisubiri kuche. Usimpe chakula, maji wala kidonge. Mlaze kwa ubavu kwenye godoro ndani ya boti, na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Karatasi za hospitali na dawa zake zote tia kwenye ndoo yenye kifuniko, zisilowe.