Mvumo wa Siku ya Wazazi: Somo Kuhusu Kebo za Sauti

Mimi ndimi niliyesimamia mitambo Siku ya Wazazi, na leo nimeshika kalamu niwaeleze nilichojifunza baada ya aibu ile.

Mtakumbuka msichana wa Kidato cha Kwanza aliyepanda jukwaani kughani shairi lake. Spika zikavuma "mmmmm" mfululizo kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, sauti yake ikamezwa. Watu wakacheka. Wengine wakanong'ona ati binti hana sauti. Mweka hazina wetu naye alikuwa tayari kutoa pesa za chama tununue amplifaya nyingine. Mimi nilinyamaza, maana sikujua kosa liko wapi.

Jumamosi iliyofuata nilibeba maiki na kebo yake nikampelekea fundi wa redio sokoni. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, hii kebo uliipitisha wapi?" Nikamjibu kwa maringo kwamba niliifunga kwa seloteepu pamoja na waya wa umeme, kutoka jukwaani hadi ukutani, kama mita 15, ili wazazi wasijikwae. Fundi alicheka hadi akaweka chini chuma cha solda.

Tazameni hesabu yenyewe. Maiki kama yetu, mtu akighani karibu nayo, hutoa takriban milivolti 2. Soketi ya ukutani hapa Kenya ina volti 240. Gawanya, utapata 120,000. Yaani nilimlaza panya kitanda kimoja na ndovu! Tena umeme huo huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na nguvu zake huvuka hadi kwenye waya wa jirani na kuamsha mkondo mdogo humo. Michael Faraday alionyesha mwaka wa 1831 jinsi sumaku inayobadilika inavyozaa umeme katika waya. (Somo hilo linatungoja Kidato cha Nne, lakini spika hazikunisubiri.)

Kumbe kebo nazo si sawa. Yetu iliishia kwenye jeki ya milimita 6.35, plagi ambayo asili yake ni mitambo ya simu ya karne ya 19, wakati wafanyakazi walipokuwa wakiunganisha wapigaji kwa mkono. Ndani mna waya mmoja wa sauti uliozungukwa na wavu wa shaba. Wavu hukinga kiasi, lakini sauti hutumia wavu huohuo kama njia ya kurudi, kwa hivyo uchafu unaoingia hubaki. Kwa kebo fupi si neno. Kwa mita 15 ni balaa.

Sasa sikilizeni utamu wa somo hili. Mkia wa maiki yetu una pini tatu. Pini ya 1 ni ya wavu. Pini ya 2 na ya 3 hubeba sauti ileile, ila moja imegeuzwa kinyume. Tuseme sauti ni 5: waya mmoja una +5, wa pili una -5. Mvumo wa 3 ukiingia, huingia kote kuwili kwa usawa, kwa sababu nyaya hizo zimesokotwa pamoja kama kamba. Tunapata 8 na -2. Amplifaya hutoa moja katika nyingine: 8 - (-2) = 10. Mvumo umekwenda wapi? Umejiua wenyewe! Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikiwa pale kibandani, sikuamini.

Na nyuma ya amplifaya yetu mna tundu la pini tatu ambalo hatukuwahi kuligusa.

Rafiki yangu alikuwa ameshauri tukate waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, katika plagi ya ukutani. Wakati mwingine mvumo hukatika kweli. Lakini umeme ukivujia kwenye bati la mtambo, waya huo ndio humwokoa aliyeshika maiki. Jameni, usiukate kamwe.

Simu ikiwekwa karibu na kebo nayo huweza kuleta "ti-ti-ti". Hayo ni mawimbi ya 2G, yanayotumwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde. Isogeze tu.

Fundi alinifundisha kuunga kebo mpya ya pini tatu. Tuliijaribu ukumbini, safari hii mbali na waya wa umeme. Na palipobidi zikutane, nilizivusha kama msalaba. Nilimwita binti yule na kumwomba radhi, kisha akaghani beti zote. Tulisikia hata alipovuta pumzi.

Kebo imo kabatini mwa chama. Ukiiazima, ikunje kwa duara pana. Ukiizungusha kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi, nyaya za ndani zitakatika, nami nitakujia.