Kitambaa cha Nguo za Kazi: Pamba Tupu au Mchanganyiko?

Swali: Mtumishi wa ofisi wa Musoma anayesafiri mara kwa mara kwenda Bunda na Butiama achague kitambaa gani cha mashati na suruali za kazini?

Jibu: Ingawa Bunda hulima pamba na Musoma ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, MUTEX, vitambaa vingi vya madukani huchanganya pamba na poliesta, yaani nyuzi zinazotengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli, kwa hiyo jina analotaja muuzaji halitoshi kuwa ushahidi. Uzi uliochomolewa pindoni ukichomwa, wa pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ilhali wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili.

Kwa shati, pamba ndiyo bora karibu na ziwa, kwa kuwa hunyonya jasho, japo hujikunja upesi, na anayekaa muda mrefu ndani ya basi atafaidika na mchanganyiko ambao pamba imezidi. Suruali inahitaji kadeti, kitambaa kizito ambacho mshindio, yaani uzi wa kukingama, hupita juu na chini ya mtande, ule wa urefu, kwa hatua zinazotokeza mistari ya mshazari, na ufumaji huo huhimili msuguano wa kiti. Pamba ilowekwe na kukaushwa kabla fundi hajaikata, maana husinyaa, na wengi hulijua hilo baada ya kufua.