Miaka saba baada ya ubatizo, hasira bado ipo

Swali: Mchungaji, nilibatizwa ziwani hapa Swima miaka saba iliyopita, lakini nikikasirika bado nawatukana watoto. Je, nimeokoka kweli?

Jibu: Mama, kinachokuuma ndicho kinachonipa tumaini: maiti haisikii maumivu. Paulo alipowaandikia Wafilipi alikuwa ameamini kwa zaidi ya miaka 20, na bado alikiri kwamba hajafika (3:12).

Tazama mchikichi uliopandwa nyuma ya nyumba. Mwaka wa kwanza majani, wa pili majani. Chikichi huja mwaka wa tatu au wa nne, kisha mti huzaa zaidi ya miaka 20. Nani huung'oa kwa kuwa umechelewa? Ila magugu lazima yapaliliwe. Jioni, ugali ukiwa motoni na mtoto amemwaga maji uliyoyabeba kutoka ziwani, nyamaza kwanza, omba kimoyomoyo, ndipo useme. Ukishindwa, mwombe mtoto msamaha siku hiyohiyo. Hata sisi viongozi wa kanisa wengi hatujafika hapo, nasema kwa huzuni. Na umtafute mama mzee mmoja kanisani, awe anakuuliza kila Jumapili wiki ilikwendaje.