SOMO: KILO ZINAZOTOKA KATIKA TANURI LA CHOKAA



Huko Uganda, mawe ya chokaa huchomwa Muhokya, wilaya ya Kasese. Kwenye kazi ya namna hii, popote ilipo, ugomvi huanza kwenye mizani. Mawe yaliyoingia ni kilo 1000, chokaa iliyotoka ni kilo 560. Msimamizi asiyejua hesabu husema pana wizi na kutaka kukata mshahara. Mfanyakazi asiyejua hesabu hukosa la kujibu. Basi tujifunze.

Jiwe la chokaa lina vitu vitatu: kalsiamu, kaboni na oksijeni. Chembe ya kila kimoja ina uzito wake wa kulinganishia: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16. Katika jiwe, kila kalsiamu moja huenda na kaboni moja na oksijeni tatu:

40 + 12 + 16 + 16 + 16 = 100

Moto mkali huligawa jiwe mafungu mawili:

1. Chokaa (kalsiamu moja, oksijeni moja): 40 + 16 = 56
2. Hewa ya kaboni dayoksaidi (kaboni moja, oksijeni mbili): 12 + 16 + 16 = 44

Jumlisha 56 na 44, unapata 100. Hakuna kilichoibwa. Kilo 44 katika kila 100 zimepaa juu ya tanuri.

Kanuni: zidisha kilo za mawe kwa 56, gawanya kwa 100.

Mfano: mawe kilo 750. 750 × 56 ÷ 100 = kilo 420 za chokaa. Hewa ni 750 – 420 = kilo 330.

Hesabu hii ni ya mawe safi yaliyoiva sawasawa. Mawe mabichi ndani, au yenye mchanga, hutoa mzigo mzito zaidi. Tuseme katika kilo 1000 za mawe, 100 ni mchanga usiopungua motoni. Mawe safi ni 900, yatatoa chokaa kilo 504. Ongeza mchanga 100: mizani itaonyesha 604. Kwa hiyo uzito mkubwa si dalili ya kazi nzuri.

Sasa tuzikumbuke zile kilo 330 za hewa. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo hutuama mashimoni. Inaua. Mtu asiingie peke yake chini ya tanuri, wala asilale karibu nalo kutafuta joto. Akianguka mwenzako shimoni, usimrukie. Ita watu, mtoeni kwa kamba.

Andikeni kila siku kilo zinazoingia na zinazotoka. Mali bila daftari huisha bila habari, na jasho ni hivyo hivyo.

Zoezi: mawe safi kilo 250 yatatoa chokaa kiasi gani, na hewa kiasi gani? (Jibu: chokaa kilo 140, hewa kilo 110.)

Asiyejua kusoma, asomewe na wenzake wa zamu.