Homa Isiyosikia Dawa ya Malaria

Sisi wauguzi tunampokea mara nyingi kijana anayechunga mifugo, mwenye homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, mgongo na viungo vinauma. Amekwisha kumeza dawa ya malaria mara mbili au tatu. Huenda ana brusela, ule ugonjwa unaofanya mbuzi na ng'ombe watupe mimba.

Katika Hospitali ya Endulen, Ngorongoro, wagonjwa 230 wenye homa walichunguzwa kati ya Agosti 2016 na Oktoba 2017. Waliokutwa na brusela ni 14, hasa wenye umri mdogo na waliochunga mifugo. Vijidudu viliota kutoka damu ya wagonjwa 8. Aina za brusela hufanana sana, lakini vinasaba vyake ni kama chapa ya moto kwenye ng'ombe: vinaonyesha boma lilikotoka. Wagonjwa 7 walikuwa na Brucella melitensis, ambayo kwao ni mbuzi na kondoo. Mmoja tu alikuwa na ile ya ng'ombe. Basi tusimwangalie ng'ombe peke yake. Hata huku Meru, mbuzi hulala karibu na jiko!

Na mbwa je? Mbwa ana brusela yake, Brucella canis, lakini pia anaweza kuipata ya mbuzi na ng'ombe. Mbuzi akitupa mimba, wengi wetu tunamtupia mbwa kitoto kilichokufa pamoja na kondo la nyuma. Mbwa anakula, anaambukizwa, na mabaki anayaburuta hadi uani wanapocheza watoto. Vitu hivyo vizikwe shimo refu, au vichomwe moto.

Anayemzalisha mnyama avae glovu. Akikosa, afunge mifuko ya nailoni mikononi, kisha anawe kwa sabuni. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo kabisa, maana brusela inaweza kuharibu mimba yake. Maziwa yachemshwe, ya mbuzi na ya ng'ombe. Kuyagandisha tu hakutoshi kuua vijidudu.

Ukifika hospitali na homa ya namna hii, mwambie mganga kwamba unafuga, na kama kuna mnyama aliyetupa mimba. Asipoambiwa, hawezi kujua apime nini. Tiba huwa ni dawa mbili pamoja, kwa kawaida wiki 6. Wengi wanapata nafuu wiki ya pili wakaacha, na homa inarudi. Vidonge vimalizwe vyote.