Kukopa, Kukopesha, Kuazima

Yohana alimpa Petro franka 500 za kununua daftari. Jioni Petro akaandika kwenye karatasi: «Nimemkopesha Yohana franka 500.» Hesabu ni sawa, majina ni sawa, lakini deni limegeuka. Mtu akiisoma karatasi ile, atamdai Yohana fedha alizozitoa yeye mwenyewe.

Tazameni vema, watoto. Kukopa ni kupokea mali kwa ahadi ya kulipa. Kukopesha ni kumpa mwingine mali, naye atalipa. Mwisho -esha huonyesha kwamba mtu anamfanya mwenzake atende: mtoto anasoma, mwalimu anamsomesha, watu wanacheka, mzee anawachekesha. Vivyo hivyo Petro anakopa, Yohana anamkopesha.

Maneno haya hayapangwi namna moja. Husemwa: Petro alikopa franka 500 kwa Yohana. Lakini: Yohana alimkopesha Petro franka 500. Hapa «kwa» imeondoka, na -m- imeingia kumwonyesha anayepokea. Tukisema «Petro alikopeshwa na Yohana», deni bado ni la Petro.

Katika Kifaransa kazi ni nyepesi: emprunter na prêter hayafanani hata kidogo, wala borrow na lend ya Waingereza. Kiswahili hutumia shina moja, basi sikio lisikilize neno mpaka mwisho.

Kuazima kunasumbua zaidi, kwa sababu neno hilo moja latumika pande zote mbili. Petro aliazima jembe kwa Yohana: Petro amepokea. Yohana alimwazima Petro jembe: Yohana ametoa. Mwisho wa neno haukubadilika! Kinachotuongoza ni «kwa» na ile -mw- peke yake. Anayeomba husema: «Niazime jembe lako.»

Tena, kitu cha kuazima hurudi chenyewe. Jembe lile lile litarudi kwa Yohana, na mpini ukivunjika ni wake uliovunjika. Fedha au unga wa kukopa hutumika ukaisha; hurudi nyingine za kiasi kile kile.

Mazoezi
1. Andika upya maneno ya Petro yawe ya kweli.
2. Mama alikosa chumvi, akapata kikombe kimoja kwa jirani. Je, aliikopa au aliiazima? Eleza.
3. «Maria alimwazima Ana ndoo.» Ndoo ni ya nani? Nani atairudisha?